Kiboko Aliyekataa Kuenea Bangoni

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa bango!

Nilibandue au nilisimulie?

— Lisimulie!

Basi tulieni. Wewe wa nyuma, mwache mwenzako sikio lake, analihitaji kusikilizia.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana simu zilikuwepo na chaji ilikuwa shida kama leo, palikuwa na shule ya wanyama kando ya mto. Mwalimu wao alikuwa Kanga, madoadoa mwili mzima, sauti kali kama kengele ya mapumziko. Kila mwaka Mwalimu Kanga aliandaa mashindano ya video za wanafunzi. Mwanafunzi anachukua simu ya nyumbani, anapiga video ya jambo lolote aliloliona akalipenda, halafu zote zinaonyeshwa uwanjani, kwenye kitambaa cheupe, na wazazi wanakuja kutazama.

Uwanja ule ulikuwa ukingoni mwa maji, na ukingo wote aliushika Kiboko. Kwa hiyo Kiboko ndiye alikuwa mwenyekiti wa mashindano. Hakuchaguliwa. Alikaa tu, na alipokaa hapakubaki nafasi ya mtu mwingine.

Mwaka uliopita Kiboko alitaka bango lenye sura yake, mdomo wazi, meno nje. Juu yakaandikwa maneno aliyoyatunga mwenyewe: WANAFUNZI WOTE, KIBOKO!

Wanafunzi wakalisoma. Wakalisoma tena.

"Wote tuchapwe?" akauliza mtoto wa Swala. "Tumekosa nini?"

Hakungoja jibu. Tifu, tifu, tifu! Vumbi likapanda, shule ikabaki tupu. Na akina mama waliopita pale na ndoo zao, walipoliona lile domo, walidhani ni tangazo la hatari, wakageuza njia. Siku ya mashindano hakuja mtazamaji, haikuja video. Kiboko akakaa peke yake uwanjani, akala matikiti yote yaliyowekwa kuwa zawadi. Kacha! Kacha! Kacha! Akajifuta mdomo.

"Mwaka huu nawapa nafasi ya mwisho," alimwambia Mwalimu Kanga. "Wasipokuja tena, uwanja huu nautia maji niufanye tope la kujigaragaza."

Sasa, darasa la mwisho alikuwamo Pimbi mmoja, binti, jina lake Siwatu. Mdogo, mviringo, hana mkia. Hata ukimwita pimbi hujamtukana, ndivyo alivyo. Lakini mkono wake kwenye rangi ulikuwa mwepesi, na Mwalimu Kanga ndiye aliyempa kazi.

"Siwatu mwanangu, tutengenezee nembo, tutengenezee na bango. Nataka mtoto akiliona kutoka mbali ajue kwamba hapa pana video, na kwamba anaitwa yeye."

Siwatu akatafuta mkaa, akasaga udongo mwekundu, akakoroga manjano. Akachora jicho. Jicho moja tu, duara ndani ya duara, na katikati nukta nyeupe ya mwanga. Ukilitazama ni jicho, ukilitazama tena ni kamera. Akalipenda mwenyewe, akalipeleka mtoni.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti."

Maji yakafanya bwaa! Kiboko akatokea.

"Marahaba. Lete tuone. Mmm. Zuri. Lakini mimi niko wapi?"

"Hili ni jicho la mtazamaji, Mzee."

"Mtazamaji ana uwanja?"

"Hana, Mzee."

"Basi toa mtazamaji, nitie mimi."

Chubwi! Akazama.

Siwatu alirudi kwenye mawe yao, machozi yakimlengalenga. Wenzake walikuwa wamejaza video kwenye simu, nyingine tangu mwaka jana, zinangoja. Lakini akisema hapana, uwanja unakwenda. Akisema ndiyo, wanafunzi wanakimbia, na uwanja unakwenda vilevile. Alikaa akikwaruza mkaa juu ya jiwe mpaka ukamwishia mkononi. Kisha akachukua kitambaa cha bango, akamchora Kiboko mzima mzima, miguu minne, kimkia na vyote, pembeni kabisa. Akampelekea.

Bwaa!

"Zuri," akasema Kiboko. "Lakini mimi mdogo hivi? Nimekuwa kiroboto? Niongeze."

Siwatu akafuta, akachora upya. Swaa, swaa, swaa! Sasa Kiboko akajaa kitambaa chote, pua inagusa ukingo huu, mkia unagusa ukingo ule.

Bwaa!

"Zuri. Lakini niongeze."

"Mzee, kitambaa kimekwisha. Nikikuongeza, miguu itabaki nje."

Kiboko akajitazama ubavu huu na ubavu ule. Akapepesa masikio, pe, pe, pe.

"Ina maana mimi ni mkubwa kuliko kitambaa?"

Ndugu zangu, hapo ndipo moyo wa Siwatu uliporuka. Alikuwa amekuja akiwa amekata tamaa, lakini neno lile lilimfungulia mlango. Akainamisha kichwa kwa adabu, ili macho yasimsaliti.

"Mzee, mwenye kuenea kwenye kitambaa ni mdogo. Mkubwa wa kweli haenei."

"Haenei!" akanguruma Kiboko, na samaki wakatawanyika. "Mimi sienei! Niongeze!"

Swaa, swaa, swaa! Miguu ikaenda, tumbo likaenda, kikabaki kichwa, na mdomo ukiwa wazi.

Bwaa!

"Zuri," akasema Kiboko. "Zuri sana. Hilo domo ndilo lenyewe. Ishia hapo hapo."

Siwatu akalitazama lile domo. Domo ndilo lililowakimbiza watoto mwaka jana. Akakunja kitambaa polepole.

"Sawa, Mzee. Nami naona umefika. Hata Ndovu, siku nilipomchora, tuliishia kichwani. Kichwa chake kilienea vizuri tu."

Hakuwa amemchora Ndovu hata siku moja, na Ndovu hakuwa na habari.

"Ndovu alienea?"

"Alienea, Mzee."

"Na mimi hapo nimeenea?"

"Umeenea. Masikio yote mawili yamo."

"Kunjua hicho kitambaa! Mimi nienee kama Ndovu? Niongeze!"

Swaa, swaa, swaa! Masikio yakatoka nje. Niongeze! Meno yakatoka nje. Niongeze! Pua ikatoka nje. Siwatu alichora mpaka mkono ukafa ganzi, na kila alipofuta alizidi kupumua vizuri. Mwishowe kwenye kitambaa kizima kikabaki kitu kimoja: jicho. Duara ndani ya duara, na katikati nukta nyeupe ya mwanga.

Kiboko akalitazama kwa muda mrefu.

"Hili jicho langu, peke yake, limejaza bango zima?"

"Peke yake, Mzee."

"Basi mimi mwenyewe nisingetosha hata kwenye anga."

"Nani angebisha?"

"Sasa andika jina langu. Kubwa, juu."

Siwatu akashika brashi, akasita.

"Naandika, Mzee. Ila mwenye kuandikwa jina ni yule asiyejulikana. Jua halijaandikwa jina mahali popote, na hakuna aliyewahi kuuliza ni nini kile."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kulimchosha, akapiga mwayo.

"Usiandike. Atakayeuliza ni nani huyu, atakuwa mjinga."

Basi Siwatu akaandika maneno mengine, kwa herufi za mviringo zenye furaha: MASHINDANO YA VIDEO ZA WANAFUNZI. TUONYESHE ULICHOKIONA. Jicho lile lile akalitia kwenye vyeti na kwenye bendera ndogo, akalichora kwa chokaa hata kwenye matikiti ya zawadi.

Bango likatundikwa asubuhi, Kiboko amesimama kando yake, kifua mbele, anangoja sifa. Wanafunzi wakaja kwa mbali, shingo ndefu, miguu tayari kukimbia. Siwatu alijibana nyuma ya Mwalimu Kanga. Halafu mtoto wa Ngedere akapiga kelele juu ya mti:

"Kamera! Jamani, ile ni kamera!"

"Kamera!" wakaitikia wengine. "Ni video! Tunaitwa sisi!"

Kiboko akageuka. "Wanasema nini? Kamera gani?"

Siwatu akachungulia ubavuni mwa Mwalimu. Neno moja baya tu, na uwanja ulikuwa tope.

Mwalimu Kanga hakutikisa hata unyoya.

"Wanakusifu, Mwenyekiti. Wanasema jicho lako kali kama kamera, halikosi kitu."

Kiboko akalitazama bango. Akawatazama watoto.

"Kumbe wamenitambua," akasema, "na jina halikuandikwa!"

Akacheka: hho, hho, hho! Akacheka mpaka maji yakamwagika ukingoni. Kisha akaingia mtoni taratibu, ameridhika.

Siwatu akakaa chini palepale. Mwalimu Kanga akakaa ubavuni pake. Walitazamana, wakaanza kucheka kimya kimya, kwi, kwi, kwi, huyu akimziba yule mdomo. Mbele yao foleni ilikuwa imeshaanza. Nungunungu na video ya mvua ikipiga paa, Swala na video ya mdogo wake akijifunza kusimama, Ngedere na video ambayo yote ilikuwa kidole chake. Zote zikapokelewa.

"Mwalimu," akasema Siwatu, "nina njaa. Kumbe nilisahau kula."

"Nenda ukale, mwanangu. Kisha ulale. Uwanja upo."

Akaenda, akala, akalala usingizi mzito jua likiwa bado juu, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Hadithi yangu imekauka kama rangi ya bango. Iguseni, haichafui mikono tena. Aliyecheka abaki na kicheko chake, aliyesinzia aulize jirani.

Na fundisho lake ni hili, watoto wangu, mlishike vizuri: mkubwa akisema "niongeze," mwongezeni tu, wala msimbishie, kwa sababu mawazo mazuri yote duniani hutoka kwa mwenyekiti. Asiyesadiki ashuke mtoni akamuulize Kiboko mwenyewe. Atamweleza, bila kuficha, jinsi alivyolibuni lile bango peke yake.