Sahani Isiyokuwa Mlangoni

Sogeeni karibu, nina kesi, na mahakimu ni nyinyi.

Ndani ya mwili wa Mama Nakijwa, mfinyanzi wa Usangi, waliishi dada watatu, chembe nyeupe za damu, walinzi wa nchi ile. Ulimi alionja tonge akajua limetoka jiko gani. Macho alijua sura moja tu, lakini hiyo hakuikosea. Hodi, kitinda mimba, hakupita mlango bila kugonga.

Nchi ile ina desturi: kila nyumba, yaani kila chembe, huweka mlangoni sahani ya kinachopikwa ndani. Ukipika cha ukoo, husumbuliwi. Sasa kwenye ini, nyumba moja iliharibikiwa na mapishi ya urithi, ikaanza kuzaa nyumba nyingine bila kikomo, ndiyo saratani. Mama Nakijwa akadhoofu hata udongo ukamshinda.

Ulimi akaokota tonge kwenye kifusi cha nyumba mojawapo, akaonja. Hili si letu! Akalikimbiza tezini, baraza la walinzi, akawaonyesha maelfu. Wote wakatikisa kichwa, hawalijui.

Macho akalitazama. "Dada, hili nimezaliwa nikilingoja." Akajigawa wawili, wanne, jeshi zima. Wakashuka kwenye ini wakabomoa kila nyumba yenye sahani ile, na Ulimi akashangilia mpaka sauti ikamkauka.

Lakini nyumba moja, janja kweli, ilificha sahani, na jeshi likaipita. Hodi akagonga.

"Sahani yenu iko wapi?"

"Leo hatujapika, mwanangu."

"Hampiki, na mnanenepa?" Akaibomoa.

Mama Nakijwa akapona, akarudi kufinyanga udongo wake. Vita vikiisha, walinzi hufa, ndiyo sheria. Ila ndani ya mifupa, kwenye uboho, ilibaki nafasi moja ya kuishi mpaka uzee wa Mama. Ulimi aliitaka, wala hakuona haya.

"Nisingeonja, mngejuaje?"

"Ungeonja ukalie wapi, bila jeshi?" akasema Macho.

"Na bila mimi, ile nyumba moja ingezaa zote upya," akasema Hodi.

Ulimi akatia mguu mlangoni pa uboho. Akawageukia wadogo zake, akaingiwa na huzuni, akasita. Mlango unafungwa, na anayebaki nje hafiki kesho.

Je, wewe ungemwingiza nani?