Dirisha la Mzee Lufungulo

Hii nimeletewa na mtu aliyeletewa na mwingine. Ukimaliza, mpelekee yeyote unayemjua anayejiandaa kwa usaili wa kazi.

Palikuwa na mzee aliyeitwa Lufungulo, kondakta wa treni kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu hakwenda mbali. Alijenga nyumba kando ya reli, penye kona ambapo treni hupita bila kusimama, akaishi hapo na mwanawe wa pekee, Kashindye. Mama mtu alikwishafariki. Kisha kiharusi kikampiga mzee, kikamchukulia ulimi na upande wote wa kulia. Akawa mtu wa kitandani, na kitanda chenyewe kilikuwa chini ya dirisha linaloangalia reli.

Kashindye alimwogesha baba yake, alimlisha uji, alimgeuza asipate vidonda. Hilo tusimnyime. Lakini alikuwa na miaka thelathini na minne, hana kazi, na kule reli walikuwa hawachukui kondakta mpya aliyevuka thelathini na mitano. Tangazo lilipotoka akajua hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Akiikosa, basi tena.

Akajifunga kibwebwe. Akaazima kitabu cha kanuni za reli, akakikariri jalada hadi jalada. Majina ya vituo aliyajua kwa kwenda na kwa kurudi. Alijua rangi za bendera, uzito wa mizigo ya abiria na adhabu ya anayepanda bila tiketi. Alisimama mbele ya kioo akajiuliza maswali na kujijibu, kwa sauti ya mtu ambaye tayari amevaa sare.

Kila siku saa nne asubuhi treni ilipiga honi ikikaribia kona. Hapo mzee alianza vituko vyake. Aligonga ukuta kwa mkono wake mzima, ule wa kushoto, akamkazia mwanawe macho. Kisha akautoa mkono nje ya dirisha, akaunyoosha, ukatulia hivyo hivyo mpaka behewa la mwisho likapita. Halafu akamtazama tena mwanawe. Siku nyingine alimkamata shati akamvuta dirishani.

Kashindye alidhani maradhi yamempanda baba yake kichwani.

"Baba, niache nisome," alimwambia. "Nikipata hii kazi nitakaa nawe kutwa nzima."

Hapo alijidanganya mwenyewe, maana sijui ni kondakta gani anayeshinda nyumbani.

Zilipobaki wiki tatu uvumilivu ukamwishia. Akachukua nyundo, akalipigilia dirisha misumari miwili. Mzee aligonga ukuta siku nne mfululizo. Siku ya tano hakugonga. Kashindye akashukuru kwa utulivu ule, akaendelea kusoma.

Siku ya usaili alimwomba jirani amtazamie mgonjwa, akaenda mjini. Waliofika walikuwa wengi, lakini hadi mchana walibaki wawili, Kashindye na mwenzake mmoja, na nafasi ilikuwa moja tu. Wote wawili walikuwa wamejibu vizuri. Mkubwa wa wasaili, Bwana Mkude, mtu mzima aliyekulia katika kazi ya treni, akafungua faili la Kashindye, akasoma jina, akatabasamu.

"Lufungulo wa kule kwenye kona?"

"Ndiye baba yangu, mzee."

"Basi nina swali la mwisho, na hili halimo kitabuni. Treni yako inapita mahali bila kusimama. Kando ya reli kuna mwenzetu amenyoosha mkono hivi." Akanyoosha mkono wake, ukatulia. "Anakuambia nini, na wewe unamjibuje?"

Kashindye aliujua mkono ule, ndio wa baba yake dirishani. Aliuosha kila asubuhi. Maana yake ndiyo hakuijua. Alipekua kurasa zote alizozikariri, hakukuta kitu. Mwishowe akasema huyo mtu anaomba treni isimame.

Bwana Mkude akaushusha mkono taratibu.

"Anakuambia ameitazama treni yako yote, hata upande ambao wewe huuoni. Hakuna mlango unaoning'inia wala gurudumu linalotoa moshi. Na wewe unanyoosha wa kwako, kumwambia umemwona. Ni ada yetu ya zamani, na sisi sote alitufundisha baba yako. Nilitaka nikupe swali ambalo wewe usingelikosa."

Akalifunga faili, kisha akasema, "Poleni sana kwa msiba. Mzee alifariki lini?"

"Yuko hai, mzee."

"Yuko hai? Makondakta wanaopita pale wanasema dirisha limefungwa, hii wiki ya tatu. Hata kitandani alikuwa anawatazamia treni zao, nao wanamjibu. Sasa nani amelifunga?"

Kazi akapewa mwenzake.

Kesho yake asubuhi aliing'oa ile misumari. Mzee alikuwa amelala akiuelekea ukuta wa upande wa pili, dirisha likiwa mgongoni. Saa nne honi ikalia. Kwenye mlango wa behewa la mwisho alisimama kondakta, naye alipoona dirisha li wazi, akaegemea nje na kunyoosha mkono kwa furaha yote. Kashindye akamgeuza baba yake haraka, akaushika ule mkono wa kushoto ili auinue.

Mzee akauvuta, akaurudisha chini ya blanketi.

Yule kondakta aliendelea kunyoosha mkono mpaka kona ikamficha. Hakujibiwa. Kashindye alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba baba yake msamaha huku akilia, na mzee aliutazama ukuta tu.

Alifariki kabla mwezi haujaisha. Walimzika majirani wachache, na mkono ule hakuwa ameuinua tena.

Siku hizi, kila ikifika saa nne, Kashindye huketi kwenye kitanda kile na kutoa mkono wake wa kushoto dirishani. Huitazama treni yote, behewa kwa behewa. Makondakta humjibu kwa furaha, wakidhani mzee bado yupo, kwa kuwa huona mkono na uso hawauoni. Mpaka leo hajapata moyo wa kuwaambia.

Funzo: Kabla hujazifungia kelele za nyumbani ili uiandae kesho yako, tazama kwanza ni nani anayegonga na anataka kukuonyesha nini, kwa maana siku utakayofungua huenda yeye amekwishaacha kukuita.