Kwa Nini Mwenyeji Humbebea Mgeni Mzigo

Hapo kale, huku milimani watu hawakuagana. Mgeni alikula, akalala, kukicha akachukua mzigo wake akaenda zake. Mwenyeji alijua kaondoka alipouona mkeka mtupu, na hakuna aliyenuna.

Namkunda alikuwa mjane, akiishi na mama mkwe wake. Mvua ilikuwa karibu, na mbegu zote za mtama zilikuwa katika kibuyu kimoja, kwenye uchaga juu ya meko. Asubuhi moja alikuta mkeka wa shemeji yake Mbonea, mdogo wa marehemu mumewe, ni mtupu. Akainua macho. Kibuyu hakipo.

Alikumbuka kwamba Mbonea alikuja na mfuko mwembamba, na kwamba jana aliuliza habari za mbegu. Mara mbili. Namkunda hakumuuliza mtu. Alishuka mbio hadi kivukoni. Mbonea alikuwa akikunja nguo avuke, mfuko umetuna.

"Shemeji, mbona mbio? Nimesahau fimbo?"

"Fungua mfuko."

Mbonea akacheka. "Unavidai viazi vya jana? Nimeshavila!"

"Fungua, Mbonea."

Alipoitwa kwa jina, kicheko kilikatika. Akaumwaga mfuko mchangani: shuka kuukuu, mawe mawili ya kunolea, viazi vitatu alivyopewa na mama mkwe kwa ajili ya njiani. Akaviokota kimoja kimoja, akavuka bila kugeuka.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa uani, kibuyu mapajani, akichambua mbegu.

"Wadudu wameingia," alisema. "Mbonea ndiye aliyeniuliza kama tumezikagua."

Mbonea ndiye aliyekuwa akiwalimia kila msimu. Msimu ule hakuja, wala uliofuata. Nusu ya shamba ikarudi kuwa pori.

Namkunda alijuta, lakini kila mgeni alipoinuka, macho yake yalikimbilia uchagani. Kuuliza tena hakuthubutu. Akaanza kuwaambia wageni, "Usiondoke bila kuniaga." Mgeni akiaga, Namkunda aliupokea mzigo wake, akaubeba mpaka kivukoni, akamrudishia. Majirani wakasema, "Tazameni heshima ya mwanamke yule!" Wakamwiga.

Na tangu siku hiyo mgeni huaga, na mwenyeji humsindikiza akiwa amembebea mzigo. Watu husema ni upendo, na mara nyingi ni kweli. Lakini mwenyeji akiuhamisha mzigo wako kutoka bega moja hadi jingine, mshukuru tu, uendelee kutembea. Anapima.