Mangi Atoa Sumu

Palikuwa na Mangi mmoja, mtawala wa huko milimani, Mangi Ndemasi, aliyetaka pombe iliyochacha irudi kuwa tamu. Na kama haiwezi kurudi, basi aliyeipika anyang'anywe kihamba chake, shamba la ukoo, migomba na makaburi ya wazee wake humo humo. Msicheke bado. Mwenyewe alikuwa hacheki.

Mpishi wa pombe hiyo aliitwa Mkunde, mjane, maskini, na mdomo wake, ah, mdomo ule! Ukimsalimia vibaya unarudi nyumbani unatafuta pa kujificha. Lakini mbege yake, jamani! Alipika mara moja tu kwa mwaka, ulezi mpya ukishavunwa, kwa ndizi za mgomba wa kizamani uliobaki kwenye kihamba chake peke yake. Mitungi michache, basi. Ukichelewa, utaonja mwakani ukijaliwa. Watu walipanga foleni jogoo hajawika, na bei ilikuwa moja kwa wote, kibuyu cha pombe kwa kikapu cha ulezi. Tajiri kikapu, fukara kikapu.

Mwaka huo Mangi akapata akili, na Mangi akipata akili, nyie jificheni. Akatuma walinzi wake wakalala mlangoni kwa Mkunde. Kulipokucha akaja mwenyewe akanunua mitungi yote, na machicha juu. Mkunde akachota kata moja, akanywa yeye kwanza mbele yao. Kwetu huko ndiko kutoa sumu: anayekupa pombe huionja kwanza, ujue hakuna ubaya ndani. Mangi naye akaonja, akalamba midomo, akasema, "Tamu!" Wakabeba.

Siku hiyo hiyo baragumu likalia: mbege ya Mkunde sasa iko kwa Mangi, kibuyu kwa mbuzi. Mbuzi! Watu wakaguna, lakini mwenye harusi atafanyaje? Mwenye wakwe wa kupokea atawapa maji? Wakatanguliza mbuzi wao, zizi la Mangi likajaa. Mangi akaona raha, akasema, ngojeni kwanza, isitolewe. Ikikaa itaadimika, na ikiadimika bei itapanda. Ikakaa. Bei ikapanda ikawa mbuzi na mwanawe. Ikakaa tena. Sasa mbege si asali, ndugu zangu. Walipokuja kufunua mitungi, harufu ilimfukuza hata mlinzi.

Ndipo Mkunde akaitwa barazani, maana hata Mangi hawezi kuchukua kihamba cha mtu bila kuonyesha kosa mbele ya wazee. Wazee wamekaa, mitungi imefunikwa mbele yao. Wenye mbuzi nao wamejaa uani, wanataka pombe yao. Mkunde aliogopa, tusidanganyane. Wanawe hawakuwa na pengine pa kulala. Ila mdomo wake haukuogopa.

"Umeniuzia siki!" Mangi akanguruma. "Nijazie mitungi yangu upya, bure, au kihamba ni changu."

"Mangi wangu, siku unainunua niliitoa sumu, nawe ukaonja. Ulisemaje?"

"Nilisema tamu. Siku ile!"

"Baada ya hapo ikawaje?"

"Ikakaa."

"Ikae kwa nini, Mangi? Mtungi uliugua?"

Uani watu wakaanza kukohoa, wote kwa pamoja.

"Niliiweka ipande bei!"

"Ikapanda?"

"Ikapanda sana!" Hapo Mangi akavimba kifua, hakuweza kujizuia.

"Hongera. Mimi nilikuuzia pombe ya kikapu, leo unayo pombe ya mbuzi na mwanawe. Sasa hasara niliyokutia iko wapi?"

"Hasara ni kwamba imecha..." Mangi akajiuma ulimi. Wenye mbuzi walikuwa wameshasimama.

"Imefanya nini, Mangi? Sema kwa sauti, wa nyuma hawajasikia."

Mangi akakuna kichwa.

"Kama imechacha," Mkunde akasema, "watu hawa wachukue mbuzi wao. Kama haijachacha, mimi nirudi kwenye migomba yangu. Chagua wewe, mimi mtu mdogo."

Mangi akatazama kihamba kule ng'ambo, migomba inapepea. Akatazama zizi. Akatazama kihamba tena. Zizini mbuzi mmoja akalia, mnono kweli kweli, na Mangi akameza mate.

"Haijachacha," akasema. "Ni tamu. Nenda zako!"

"Asante, Mangi. Wazee mmesikia, kihamba ni changu." Ungedhani ataondoka. Thubutu! Akasogea kwenye mtungi, akachota kata. "Lakini wateja wako wamesimama juani, Mangi. Nasi tunajua, anayeuza ndiye anayetoa sumu."

"Nimekwisha sema ni tamu!"

"Asipoonja," mzee mmoja akasema polepole, bila kumtazama mtu, "inajulikana kuna nini ndani."

Basi Mangi akaipokea. Akafumba macho, akanywa. Masikio yalicheza. Shingo ilijikunja, machozi yakamtoka, na mguu mmoja ukapiga chini wenyewe. 

"Vipi, Mangi?" Mkunde akauliza.

"Ta... tamu," Mangi akasema, machozi yanachuruzika hadi kidevuni.

Mkunde akaipokea ile kata, akaijaza mpaka ikamwagika, akapiga goti kwa adabu zote, akamnyoshea kwa mikono miwili.

"Hiyo ilikuwa ya kutoa sumu tu, Mangi wangu. Sasa karibu unywe."