Kisanduku cha Sura ya Tatu

Kaeni vizuri, nina kesi. Kila niliyempa ameirudisha.

Katika ofisi ndogo ya kupanga vitabu, Tanga, walikuwepo vibarua watatu. Mwanakombo alikuwa na subira ya kusoma kitu chochote mpaka mwisho. Kulea watoto wanne kulimfundisha. Nyamizi alizijua kanuni za faili, kila alama inayotaja kipande ni kichwa, aya au kisanduku. Eshe alilijua faili la mitindo, lile linaloiambia kompyuta kila kipande kichapwe vipi.

Wakapewa mwongozo wa dawa za watoto. Kila wakiupitisha kwenye kompyuta, yalitoka maonyo mia mbili na kumi na nne. Desturi ya ofisi ilikuwa kuyapuuza, maana kitabu kilitoka hivyo hivyo.

"Onyo si kosa," alisema Eshe. "Kitabu si hicho?"

Mwanakombo hakuwa na nguvu za kubishana. Aliketi, miguu imevimba, akayasoma yote. Karibu yote yalirudia upuuzi uleule. Moja tu lilitaja alama isiyojulikana, sura ya tatu. Akaifungua sura hiyo, akailinganisha na mswada. Kisanduku cha mwandishi, "Asipewe mtoto wa chini ya miezi miwili," hakikuwepo.

Nyamizi akafungua faili, akakuta mwandishi amejibunia alama yake. Akaweka ya kanuni. Onyo likakoma, lakini kisanduku hakikuonekana.

"Haya, bibi mitindo," akamwambia Eshe. "Onyo limekwisha. Kitabu si hicho?"

Eshe akalifungua faili la mitindo. Akatafuta, faili lake halikuwa na agizo lolote kuhusu visanduku. Akaliandika, na kisanduku kikatokea.

Bi Tunu, mwenye ofisi, akawaita. "Nina ajira moja ya kudumu, na bima ya afya ya familia. Ni ya aliyekiokoa kitabu. Nani?"

"Nisingesoma, kingechapwa hivyo," alisema Mwanakombo.

"Umesoma, shoga, lakini hukugusa kitu," alisema Nyamizi. "Alama nimerekebisha mimi."

"Na kisanduku bado hakikuonekana," alisema Eshe. "Aliyekitokeza ni mimi."

"Baada ya kutucheka," alisema Nyamizi.

Mwanakombo aliihitaji ile bima. Mwanawe wa mwisho ana pumu. Lakini Nyamizi ana mimba ya miezi saba, na Eshe anamuuguza mumewe, kwa hiyo huruma haikuweza kuamua.

Bi Tunu bado ameshika kalamu, na fomu ina nafasi ya jina moja. Haya, ninyi mngeandika la nani?