Bibi Ndani ya Kikapu cha Nguo

Tulieni kidogo. Na nyie wa nyuma mnaotafuna karanga, tafuneni polepole, maana kisa hiki ni chenu hasa.

Chukulia mji mmoja wa Uingereza, enzi za yule malkia aliyevaa nguo nyeusi za kumlilia mumewe miaka nenda rudi. Mnadhani Ulaya ilikuwa marumaru tupu? Thubutu! Kulikuwa na vichochoro vinanuka, vyumba havina hata dirisha. Humo alikaa mjane mmoja, mfuaji wa nguo za watu, na wanawe wawili na mama yake mzazi. Bibi alikuwa na kifua kibovu. Kila kukicha aliuliza, "Mwanangu, jua limeshatoka?" Na mfuaji, mikono ndani ya povu, akajibu, "Limetoka, mama." Kutoka limetoka, ila mle ndani halikufika. Mfuaji huyu hakutamani dhahabu. Alitamani dirisha moja tu, amkalishe mama yake hapo.

Sasa, sheria ilisema chumba kama kile mwisho watu watatu. Mkizidi, mkaguzi anawatoa nje. Basi kichochoro kizima wakawa mabingwa wa kuficha: mjomba juu ya paa, shangazi ndani ya pipa la makaa. Mfuaji yeye alimtia bibi kwenye kikapu kikubwa cha nguo, akamfunika mashuka.

Siku moja mkaguzi akaja na daftari jipya.

"Mama, sheria imebadilika. Huku kote kunabomolewa, mtajengewa vyumba vyenye madirisha. Mko wangapi?"

"Watatu, bwana."

Kikapu kikakohoa.

"Mama, nguo zako zina mafua?"

"Paka huyo, bwana."

"Paka mzee?"

"Mzee sana, bwana."

Mnacheka? Mkaguzi hakucheka. Akauliza tena, taratibu, "Sikuja kufukuza mtu. Mko wangapi humu?"

Ukweli ulimfika mama wa watu hadi kooni. Lakini wakaguzi wangapi walishasema maneno matamu pale mlangoni?

"Watatu," akasema. Yakaandikwa.

Nyumba zikajengwa. Mfuaji akaenda kuchukua ufunguo, kamshika bibi mkono. Mkaguzi akafunua daftari. "Chumba cha watatu. Wa nne haruhusiwi."

"Ni mama yangu, bwana! Nilimficha kwa woga!"

"Najua. Nilimsikia. Unadhani kwa nini nilikuuliza mara mbili? Vyumba vya wanne vilikuwepo, mama. Sasa vimejaa."

Bibi akaenda kukaa kwa rafiki yake, kichochoro cha mbali ambacho hakijabomolewa. Na kule kwenye chumba kipya, kila asubuhi, jua likaingia dirishani likakalia kiti kitupu.

Mbona kimya? Si mlikuwa mnacheka?

Sisi je? Ile chuki na ndugu yako tangu mazishi ya baba yenu. Ile chupa nyuma ya kabati. Yule mtoto wa nje ambaye hatumtaji. Tunafunika kwa nguo safi za Jumapili, tunapiga magoti, tunasema, "Bwana, mimi mzima." Tunaogopa amekuja kututoa nje, kumbe amekuja kutujengea! Na kusikia anasikia, wapendwa. Anangoja tuseme wenyewe.

Kwa hiyo leo usianze kuomba kitu. Mtaje kwanza huyo uliyemficha, kwa jina lake, kabla hatujasema amina.