Mrutu Aliyemnyima Mdogo Wake Maji

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu, na anayetafuna muhogo atafune kimya. Hapo kale, milimani, waliishi ndugu wawili, Mrutu na mdogo wake Mbonea. Walimwagilia mahindi kwa mfereji mmoja, uliopita shamba la Mbonea kwanza, kisha ukashuka kwa Mrutu. Maji yalikwenda kwa zamu, na mwizi wa zamu alitengwa na kijiji kizima.

Mwaka mmoja jua likawaka sana. Zamu ya Mbonea ilipofika, alikuwa anamzika mwanawe, na mfiwa hashiki jembe. Zamu ikampita. Akaenda kwa kaka yake kuazima nusu siku ya maji.

Mrutu alikuwa na kinyongo. Kwenye karamu ya baba yao, Mbonea alipewa kidari cha mbuzi, fungu la mkubwa, kabla yake.

Kwa kidari tu, bibi?

Kwa kidari tu. Nyinyi jana hamkugombania ukoko?

Moyo wa Mrutu ukasema, "Mnyime." Kichwa kikauliza, "Kwa sababu gani?" Moyo ukajibu, "Itafute wewe." Kichwa kikatafuta. Mrutu akamwambia mdogo wake kwamba sheria ni sheria.

Mbonea akarudi na mkewe. Moyo ukasema, "Mnyime." Kichwa kikatafuta tena: akiazimishwa mmoja, kesho watataka wote.

Mara ya tatu Mbonea alipiga magoti. "Kaka, nimezika mmoja. Usinifanye nizike wengine." Moyo ukalegea, machozi yakamlengalenga Mrutu. Lakini Kichwa kilikuwa kimeshazoea kazi. Kikasema, "Ukimpa leo, umekiri kwamba mara mbili ulimdhulumu." Mrutu akafunga mlango.

Mahindi ya Mbonea yakakauka, huku maji ya kaka yake yakipita katikati. Hakuyagusa.

Mimi ningeyaiba, bibi.

Hata mimi. Yeye alihama na wanawe. Kingo za mfereji kwake zikakosa wa kuziziba, fuko wakazitoboa, maji yakaishia kwenye magugu. Mrutu akiziba huku, kule kunabomoka. Akawaomba majirani wamsaidie. Kila mmoja alikuwa na sababu.

Mahindi yake yakafa. Mrutu akakilaumu Kichwa, mbona hakikumzuia. Kichwa kikasema, "Hukuniuliza njia. Uliniuliza visingizio."

Basi, wajukuu, mtu akikupa sababu nzuri mno, tazama kwanza ana kinyongo gani. Na mkianza kujitazama wenyewe, itanifurahisha zaidi. Hadithi yangu imekomea hapo, na wale ndugu hawakuonana tena.